Wanafunzi Hawakatai Kusoma Pamoja, Wanakataa Kubebana

Wiki ya tatu ya muhula ndiyo wiki ya manung'uniko katika vyuo vyetu. Mhadhiri wa darasa la watu 400 anatangaza kazi ya kikundi, kiongozi wa darasa anagawa majina kumi kumi kwa kufuata orodha ya usajili, na kabla watu hawajatoka ukumbini utasikia mtu akisema heri kila mmoja angepewa ya kwake. Muhula ukiisha, fomu za tathmini zinaleta maneno yale yale: kazi wamefanya wawili, alama wamepata kumi. Wahadhiri wengi wakiyasoma huhitimisha kwamba vijana wa siku hizi ni wabinafsi, au wavivu, au wamezoea kutafuniwa.

Hitimisho hilo halilingani na kinachoonekana jioni katika chuo hicho hicho. Pita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia, uende kwenye vimbweta vilivyo chini ya miti na kando ya kumbi za mihadhara. Utawakuta vijana wale wale wamekaa wanne, watano, mmoja anaeleza, mwingine anabisha, wa tatu anafungua desa, yaani notisi, kutafuta ushahidi, na taa zikishawaka hawaondoki. Hakuna aliyewapanga wala anayewapa alama. Wao wanaita diskasheni, na mtu anayeingia kwenye mtihani bila kukaa diskasheni hata moja wenzake humwona anacheza na sapu, yaani mtihani wa marudio.

Watu wanaokataa kazi ya kikundi asubuhi na kujipanga wenyewe kwenye vikundi usiku hawawezi kuwa na tatizo la kuchukia ushirikiano. Dai langu katika safu hii ni kwamba sehemu kubwa ya upinzani wa wanafunzi ni jibu la busara kwa kazi iliyopangwa vibaya na kutolewa alama kwa njia isiyo ya haki. Ipo sehemu nyingine, ndogo kidogo, ambamo mwanafunzi anakosea: anadhani hajifunzi wakati anajifunza. Mhadhiri anayezichanganya sehemu hizi mbili atashindwa zote, kwa sababu ya kwanza inadai tubadilishe kazi yetu na ya pili inadai tusimame imara na kueleza.

Lalamiko lenye haki

Tuanze na hao wanaobebwa. Mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aitwaye Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1913, yalionyesha kwamba kundi likikua mchango wa kila mtu unashuka. Watu wanane kwa pamoja walivuta takriban nusu tu ya nguvu ambayo ingepatikana kwa kujumlisha uwezo wa kila mmoja akiwa peke yake.

Mtu angeweza kusema kwamba nguvu zilipotea kwa kuwa hawakuvuta kwa wakati mmoja. Mwaka 1979 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliitenga hoja hiyo kwa ustadi. Waliwafunga washiriki vitambaa machoni, wakawavalisha vipokea sauti masikioni, kisha wakawaomba wapige kelele kwa nguvu zao zote. Mara nyingine mshiriki aliambiwa kwamba anapiga kelele na wenzake watano, kumbe yuko peke yake. Kelele zake zilipungua kwa takriban robo. Hapakuwa na mwenzake wa kupishana naye. Alijipunguza kwa kuwa aliamini wapo wengine. Miaka miwili baadaye, watafiti hao hao walipowaaminisha washiriki kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa kivyake, utegeaji ule ulitoweka.

Mtu ni yule yule na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kama mchango wake unaonekana. Ukiwapa wanafunzi kumi swali moja, ukadai karatasi moja yenye majina kumi juu yake, umeondoa kwa mkono wako mwenyewe kile kilichowafanya washiriki wa 1981 wajitume. Tabia ya vijana haina lawama kubwa hapo kuliko mpango wako.

Upande wa wale wanaobeba nao umechunguzwa. Mwaka 1983 Norbert Kerr alionyesha kwamba mtu akigundua kuwa mwenzake ana uwezo lakini anategea, naye hulegeza juhudi, hata kama kulegeza huko kutamkosesha zawadi. Heri akose kuliko kufanywa mjinga. Hali hii tunaiona kila muhula: mwanafunzi hodari anafanya kazi ya kwanza peke yake, ya pili anaifanya nusu nusu, na ya tatu anasubiri aone nani ataanza. Mhadhiri anayeipokea kazi hiyo ya tatu anasema kiwango cha darasa kimeshuka.

Na tuseme ukweli kuhusu asili ya vikundi vyenyewe. Nyingi ya kazi hizi hazikutoka kwenye nadharia yoyote ya ualimu. Zimetokana na uhaba wa mikono ya kusahihisha: karatasi 400 zinakuwa 40. Sina lawama kwa mhadhiri mwenye kozi tatu na asiye na msaidizi hata mmoja. Ila wanafunzi wanaijua hesabu hiyo, na ukiwaambia kwamba umewaweka kwenye vikundi ili wajifunze ushirikiano, hawakuamini. Hapo umepoteza jambo ambalo kujifunza kwa pamoja hakuwezi kusimama bila hilo, yaani imani ya mwanafunzi kwamba kazi hii ina faida kwake.

Kilichomfikisha chuoni

Kuna sababu nyingine iliyo mbali zaidi ya darasa letu. Mwanafunzi aliyeketi mbele yako ni mshindi wa mashindano marefu ambayo kila hatua aliicheza peke yake. Mtihani wa darasa la nne, wa la saba, wa kidato cha pili, cha nne, cha sita: katika yote hayo, kumwonyesha jirani karatasi ni kosa. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora wa nchi, hadi lilipoacha utaratibu huo Januari 2023. Mtoto amekua akisikia kwamba kufaulu ni kuwapita wenzake.

Chuoni anakuta mizani inayohesabu hadi sehemu ya kumi. Daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4, na nafasi za kuanza kazi ya kufundisha vyuoni hutangazwa kwa sharti la GPA isiyopungua 3.8. Mwenye 3.7 hata haitwi kwenye usaili. Kwa mtu anayeishi ndani ya hesabu hiyo, alama nane kati ya arobaini za kozi wek zinazotegemea watu tisa asiowajua ni hatari halisi. Kukasirika kwake si utovu wa moyo wa kijamii. Anasoma vizuri masharti tuliyomwekea.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, wa Machi 1967, alilalamikia elimu ya kikoloni kwa kukuza ubinafsi badala ya moyo wa ushirikiano, na akataka shule zijengwe kwenye kufanya kazi pamoja. Mashamba ya shule yalilimwa kwa pamoja. Vyumba vya mitihani vilibaki vya mtu mmoja mmoja, na daima mwanafunzi hufuata kinachopimwa.

Kisa kinachonifundisha zaidi kuhusu hili kinatoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Uri Treisman, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili wa hisabati, aliona wanafunzi Wamarekani weusi wengi wakishindwa kozi ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza, huku wenzao wenye asili ya China wakifanya vizuri. Walimu aliowauliza walikuwa na majibu tayari: hawana hamasa, familia haziwasaidii, maandalizi yao ni duni. Treisman akaamua kuwafuata wanafunzi wenyewe, 20 wa kila upande, aone wanavyosoma. Majibu yote yale hayakusimama. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii, walihudhuria, walifanya maswali yote waliyopewa. Lakini walisoma peke yao. Wenzao Wachina walimaliza maswali, kisha wakakutana jioni kulinganisha majibu, kukosoana, na kupeana mitihani ya zamani. Maisha ya urafiki na maisha ya masomo kwao yalikuwa kitu kimoja.

Uzito wa kisa hiki uko hapa: kusoma peke yao ndiko kulikowafikisha Berkeley. Wengi wao walitoka shule ambazo kujitenga na wenzao kulikuwa ndiyo njia ya kuokoka. Kwa hiyo mtu aliyewaambia wasome kwa vikundi alikuwa anawataka waiache silaha iliyowashindia vita. Treisman hakuwahubiria. Aliunda warsha za maswali magumu, magumu kuliko ya kozi, ambayo mtu hawezi kuyamaliza peke yake kwa urahisi, na akawaita kama watu wenye uwezo mkubwa na si kama wanaohitaji msaada. Matokeo yao yalipanda sana, na mpango huo ukaigwa na vyuo vingine vingi vya Marekani.

Mwanafunzi wetu kutoka shule ya kata, aliyefika Mlimani au Dodoma kwa kujifungia na mshumaa wakati wenzake wanacheza, yuko katika hali hiyo hiyo. Anapositasita kuingia kikundini, anailinda njia ambayo haijawahi kumwangusha.

Pale mwanafunzi anapokosea

Sasa niende kwenye sehemu ambayo mwanafunzi hana haki. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wao juu ya kozi ya fizikia ya mwanzo. Wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipata mhadhara mzuri kutoka kwa mwalimu hodari. Wengine, kwa karatasi na maswali yale yale, walifanya kazi katika vikundi vidogo kabla ya kupewa ufumbuzi. Kisha pande zikabadilishana kwenye mada nyingine. Waliofanya kazi vikundini walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio. Walipoulizwa wamejifunza kiasi gani, wao ndio waliosema wamejifunza kidogo.

Sababu haiko mbali. Mhadhara laini humfanya msikilizaji aone kila kitu kimenyooka, na anautafsiri wepesi huo kuwa ni uelewa. Kikundini anakwama, anapingwa, anagundua kwamba alichodhani anakijua hakijui. Ugumu huo ndio kujifunza kwenyewe, ila yeye anauhisi kama kupotezewa muda. Kwa hiyo malalamiko yanayosema mhadhiri hafundishi, anatuachia tufundishane, hayapaswi kutufanya turudi kwenye kusomesha madesa. Katika utafiti huo huo, mwalimu alipotenga muda mfupi mwanzoni mwa muhula kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya kuhisi kujifunza na kujifunza, wengi walisema maelezo hayo yaliwabadilisha mtazamo.

Lipo pia shaka linalosikika sana: kama sote hatujui, tutafundishana nini? Michelle Smith na wenzake, katika utafiti wa masomo ya jenetiki uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2009, walilipima. Wanafunzi walijibu swali kila mmoja peke yake, wakajadiliana na jirani, wakajibu tena, kisha wakapewa swali jingine la kanuni ile ile, wakalijibu kila mmoja peke yake. Waliboreka kwenye swali hilo la mwisho, na dalili zilionyesha kwamba hata katika vikundi ambavyo hakuna aliyekuwa na jibu sahihi mwanzoni, mjadala ulizaa uelewa. Kubishana kwa hoja kunawafikisha mahali ambapo hakuna kati yao aliyekuwapo.

Donald Woods wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, aliyefundisha uhandisi kwa njia hii kwa miaka mingi, aliona kwamba wanafunzi hupita hatua zinazofanana na za mtu aliyefiwa: mshtuko, kukana, hasira, kisha polepole kukubali na kujijenga upya. Mhadhiri anayekata tamaa kwenye hatua ya hasira hataona kinachofuata.

Nani anasikika kikundini

Hata kikundi chenye bidii kinaweza kumdhulumu mtu. Patricia Heller na Mark Hollabaugh wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliripoti mwaka 1992 kuhusu vikundi vya kutatua maswali ya fizikia. Vikundi vya watu watatu vilifanya kazi vizuri kuliko vya wawili au wanne. Lakini watatu hao wakiwa wanaume wawili na mwanamke mmoja, mara nyingi wanaume walitawala mjadala hata pale mwanamke ndiye aliyekuwa na uwezo mkubwa zaidi. Kwetu jambo hili lina sura yake inayojulikana: msichana anakabidhiwa kuchapa, wavulana wanawasilisha.

Lugha nayo inachagua nani asikike. Diskasheni ya kimbweta inakwenda kwa Kiswahili, na hapo mtu mwenye hoja anashinda. Kazi ya kukabidhi inadaiwa kwa Kiingereza, na hapo mwenye sentensi nyoofu anashinda. Yule aliyesoma shule ya kulipia anakuwa katibu, kisha mhariri, kisha mwenye kazi. Wenzake wenye mawazo mazuri wanarudi nyuma, na mwisho wanahesabiwa kati ya watakaobebwa. Baadhi ya wale tunaowaita wategeaji wamenyamazishwa na lugha. Mhadhiri anayeruhusu waziwazi mjadala ufanyike kwa Kiswahili, na kudai Kiingereza kwenye hatua ya mwisho tu, anawarejesha wengi mezani bila gharama yoyote.

Kupanga upya

Ndugu wawili wa Minnesota, David na Roger Johnson, walitumia maisha yao ya kitaaluma kuchunguza kwa nini vikundi vingine hufundisha na vingine havifundishi. Kati ya masharti waliyoyataja, mawili ndiyo ninayoyaona yamekosekana zaidi vyuoni kwetu: kila mtu awahitaji wenzake kweli, na kila mtu awajibike mwenyewe. Swali linalogawanyika vipande kumi halitimizi sharti la kwanza. Wanafunzi wanaligawana, kila mmoja anaandika kipande chake, mmoja anaunganisha usiku wa mwisho. Karatasi moja yenye majina kumi haitimizi sharti la pili.

Njia zilizotimiza masharti hayo zipo, na moja ilizaliwa na tatizo letu hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Larry Michaelsen wa Chuo Kikuu cha Oklahoma aliona darasa lake likikua kutoka wanafunzi 40 hadi 120. Naye alikimbilia vikundi, lakini alivipanga. Wanafunzi husoma kabla ya kuja. Wakifika, kila mmoja anafanya jaribio fupi peke yake na kulikabidhi. Kisha kikundi cha watu watano hadi saba kinafanya jaribio lile lile kwa pamoja na kupata majibu papo hapo. Alama zote mbili zinahesabiwa. Baada ya hapo vikundi vyote vinapewa tatizo moja gumu lenye uamuzi wa kuchagua, na vinatangaza chaguo kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijitetea. Asiyesoma anaonekana kwenye jaribio la kwanza. Aliyesoma anaona kwenye la pili kwamba kikundi, mara nyingi, kimempita hata yeye.

Kwa ukumbi wa watu 400 kuna njia nyepesi zaidi, aliyoianza Eric Mazur huko Harvard mwaka 1991: uliza swali la dhana, kila mtu apige kura, ageukie jirani wabishane dakika mbili tatu, wapige kura tena. Kadi nne za rangi, au vidole vilivyoinuliwa, vinatosha. Haina karatasi ya kusahihisha wala ugomvi wa majina.

Afrika Mashariki si ngeni katika hili. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990 kiliamua tangu mwanzo kufundisha kwa visa vinavyojadiliwa katika vikundi vidogo, njia iliyoanzia McMaster mwaka 1969. Haikubandikwa juu ya mihadhara. Mtaala ulijengwa nayo.

Kwa kozi ya kawaida, mambo machache yanabadilisha hali. Kikundi kisizidi watu wanne, na mhadhiri ndiye akipange, asiwaache marafiki wachaguane wala orodha ya usajili iamue. Msichana mmoja asiachwe peke yake kati ya wavulana. Muda wa kukutana utengwe ndani ya ratiba, kwa sababu anayepanga chumba Kimara na anayelala bwenini hawana jioni moja. Wanakikundi watathminiane kwa siri, na tathmini hiyo iguse alama. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri amchague yeyote atetee kazi ya wote, na hapo ndipo wenye nguvu wataona faida ya kuwaelewesha wenzao. Sharti hili la utetezi limekuwa la lazima zaidi sasa, maana ripoti nzima ya kurasa 15 inaweza kuandikwa na programu ya akili unde kwa dakika moja, na karatasi iliyokabidhiwa haithibitishi tena kwamba kuna mtu aliyefikiri.

Hayo mhadhiri anaweza kuyaanza muhula ujao bila kibali cha mtu. Mengine yako juu yake. Kiwango cha alama za kikundi, idadi ya wasaidizi wa kuendesha semina, na namna kazi ya kufundisha inavyohesabiwa katika kupandishwa cheo ni mambo ya idara, ya seneti na ya bajeti. Ni kawaida kusikia waajiri wakisema wahitimu wetu hawajui kufanya kazi na wengine, na vyuo vikajibu kwa kuongeza kazi za vikundi. Kuongeza idadi hakutasaidia. Chuo kinachotaka wahitimu wanaoweza kufikiri pamoja na watu wengine kigharamie kulifundisha jambo hilo: kwa saa za darasani, kwa wasaidizi wa kutosha, na kwa kanuni za alama ambazo mwenye bidii na aliyeachwa nyuma wataziona, wote wawili, kuwa ni za haki.